Nilifungwa na Maua ya Baba Mkwe

Niliwahi kufungwa miaka mitatu, na aliyenifunga si polisi wala hakimu. Yalikuwa maua.

Cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka.

Ila ungenikuta asubuhi ile nimeinama nyuma ya nyumba na birika la maji yanayochemka, jicho moja kwenye dirisha la mama mkwe, namwagia udongo maji ya moto huku nikiutukana, ungesema huyu dada kichwa kimeruka. Na wala hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kujaribu kuyamaliza.

Kila nilipoyaua, yalirudi na ndugu zake.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua watu wa humu mnavyohukumu haraka.

Mimi ni mwokaji mikate. Kabla sijaolewa nilikuwa nakanda unga meza moja na shoga yangu, tulimwita Kidoti kwa ile alama nyeusi shavuni. Nikaolewa, nikaacha kazi, nikahamia kwa wakwe. Mwaka wa nne wa ndoa, mume wangu akaugua wiki mbili, akaondoka. Hatukuwa tumejaliwa mtoto.

Kidoti alinipigia simu. "Ukipoa, njoo. Nafungua tanuri langu mwenyewe. Nataka uwe wewe."

Nikamwambia nakuja. Nilimaanisha. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na chumba kile chenye mashati ya marehemu msumarini kilikuwa kinanimaliza.

Ndipo baba mkwe naye akaanguka kitandani.

Sasa huyu mzee nilimpenda, sitadanganya. Maisha yake yote aliendesha greda, kazi yake kuchonga barabara. Na ni huko barabarani alikookota yale maua. Maua ya mwituni, mekundu, petali zake nyembamba hata upepo ukikohoa zinadondoka. Alikuja na mbegu mfukoni mwa shati, akazimwaga uwanja wa nyuma, na kila mwaka zilikuwa zinaota.

"Unajua nilikoyakuta?" aliniuliza siku moja. "Pale nilipopita na greda. Mwaka huu nachonga, mwakani nakuta wekundu mtupu. Pembeni, ambako sikugusa, hakuna hata moja."

Nikaitikia tu, "Eeh, baba." Sikujua kwamba kauli ile ingekuja kunigharimu miaka yangu.

Alinifundisha kuyatunza. Usiyape mbolea, yatalewa majani yasahau kuchanua. Maji kidogo. Miche ikibanana, ng'oa mingine ili iliyobaki ipumue. Na mbegu usizifukie, zimwage juu juu zione jua.

"Na usiyazoee sana," alisema. "Hili ua ni la msimu mmoja. Linaota, linachanua, linamwaga mbegu, linakufa. Ukiliona mwakani, si lile. Ni mtoto wake."

Siku yake ya mwisho maua yalikuwa yamechanua kweli kweli, kitanda chake tumekisogeza dirishani ayaone. Watoto wake watatu waliobaki walikuwepo wote.

Niwatambulishe basi.

Shemeji mkubwa tunamwita Mwenyekiti. Huyu hata kula hawezi bila kutangaza ajenda. Shemeji mdogo ni Naunga Mkono, kwa sababu tangu nimfahamu sijamsikia akisema jambo lake mwenyewe. Na wifi yangu, ambaye huja mara mbili kwa mwaka, anasema "pole na kazi", anaondoka na ndizi.

Mzee akanishika mkono. Mimi, si wao.

"Mwanangu, usimwache mama yako peke yake maua haya yakiwa bado yanaota. Yakikoma, na wewe umemaliza. Uende zako kwa amani."

Nikasema sawa, baba. Ningesema nini? Mtu anakata roho!

Mwenyekiti akageukia wenzake. "Mmesikia wote. Hilo limepita."

"Naunga mkono," akasema yule mwingine.

Baba yao hata macho hajafumba.

Mimi moyoni nilikuwa nimeshapiga mahesabu yangu. Ua la msimu mmoja, au siyo? Wiki chache litakauka, na mimi nitakuwa kwenye gari naenda kwa Kidoti. Maua yakakauka kweli. Nikafunga begi.

Mwenyekiti akanikuta nalivuta mlangoni.

"Shemeji, wapi tena? Baba alisema yakikoma kuota. Tusubiri mvua tuone."

Sawa. Tusubiri mvua.

Lakini mimi si mtu wa kungoja bahati. Nikakumbuka somo la mzee: mbegu usizifukie. Nikajisemea, kumbe dawa ni kuzifukia! Wiki moja kabla ya mvua nikachukua jembe, nikageuza uwanja mzima, udongo wa juu ukawa chini, wa chini ukawa juu. Nikazizika mbegu zote. Nikapiga na mguu juu yake.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlango wa jikoni na fimbo yake. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu.

"Usichimbe, mwanangu," akasema. "Utaumia mgongo."

"Nausafisha tu, mama."

Mvua ikanyesha. Siku ya tisa nikatoka na ndoo, nikaishia kuiweka chini. Uwanja mzima ulikuwa kijani. Vimiche elfu, kama mtu kamwaga mchele. Baada ya wiki kadhaa, wekundu mtupu.

Nikakaa chini nikalia. Nililia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Mwenyekiti akaja Jumamosi, akayatazama, akafurahi mpaka tumbo likacheza. "Baba bado anakuhitaji, shemeji!"

Na ukitaka kujua kufungwa kulikuwaje, hakukuwa na minyororo. Asubuhi namkanda mama magoti kwa maji ya moto. Nafua. Napika. Nikienda sokoni nikachelewa, wifi anapiga simu kuuliza mama yuko na nani. Jumamosi Mwenyekiti anakuja kukagua maua, anakula, anasema "Mungu atakulipa", anaondoka. Hakuna aliyewahi kunipiga wala kunitukana. Walinishukuru tu, na hiyo ndiyo iliyoniziba pumzi, maana mtu anayekushukuru kila siku utamwambiaje umechoka?

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja. Lilitazama maua.

Na mama mkwe naye, jamani, alikuwa ananitia hasira ya peke yake. Kila asubuhi alijikokota na fimbo na mkasi, akakata kila ua lililofunguka. Hakuacha ua lizeeke. Anayaweka kwenye chupa mezani, yakinyauka ananiambia, "Yatupe jikoni kwenye moto, mwanangu. Usiyatupe uwanjani."

Nikawa najiuliza, huyu mama anayapenda hivi? Ananikalisha hapa, halafu ananipambia meza kwa pingu zangu?

Sikumwambia kitu. Mimi hasira zangu huwa nazimeza, na zikikaa tumboni zinaoza.

Mwaka wa pili nikachimba tena, safari hii kwa kina cha goti, na juu nikamwaga magunia manne ya mbolea ya kuku. Si aliniambia yatalewa? Yalewe yafe! Nyumba ilinuka wiki mbili, jirani akaja kuuliza kama tumefuga. Maua yakaota na majani kama sikio la tembo. Yalichelewa kuchanua, lakini yalichanua.

Mwaka wa tatu nikachimba, nikamwaga maji ya moto, nikachimba tena kuhakikisha. Ndilo lile birika la mwanzoni.

Yakaota mpaka kwenye nyufa za saruji karibu na bomba.

Hapo nikaanza kuogopa. Nikawaza labda mzee yuko mle chini kweli, ananiangalia, anasema wewe binti, uliniahidi.

Halafu Kidoti akapiga. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Nimekungoja miaka mitatu. Kuna dada mmoja mkono wake mwepesi, anataka kazi. Mvua za safari hii zikiisha, kama hujafika nampa nafasi yako. Usinilaumu."

"Sikulaumu," nikasema. Nikakata simu, nikabaki nimeishikilia.

Zilibaki wiki mbili mvua zianze. Nikavaa kanga, nikaenda kwa Bwana Miche, yule anayeuza miche kwenye makopo kando ya barabara.

"Nataka sumu ya kuua maua."

Akaniangalia. "Watu huja hapa kununua maua, dada, si kuyaua. Maua gani?"

Nikamweleza. Mekundu, ya mwituni, ya msimu mmoja. Nikamweleza na jembe. Na mbolea. Na birika.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Unachimba kila mwaka?"

"Kila mwaka. Kwa kina."

"Basi, dada yangu, mkulima ni wewe! Mbegu za ua hilo ni vumbi. Zikifukiwa zinalala chini miaka na miaka, hazifi. Zinangoja mtu avuruge ardhi tu zione mwanga. Wewe kila mwaka unafukia za juu na kuamsha za chini. Ungeliacha shamba, yangeshaisha."

Pale nilipopita na greda.

Nilimsikia mzee kabisa, kama amesimama nyuma yangu. Pembeni, ambako sikugusa, hakuna hata moja.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka tu nilifika uwanjani nikachukua lile jembe, sijui nilitaka kulivunja au nini, nikaliinua.

"Liweke chini!"

Mama mkwe. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa amesimama bila fimbo.

"Ukichimba mara moja tena," akasema, "tutazeekea humu wote wawili. Miaka mitatu nakata mimi, unafukua wewe. Nakata mimi, unafukua wewe! Mwanangu, una kichwa gani wewe?"

Jembe likaniponyoka.

"Mama... unakata ili..."

"Ili yasimwage mbegu! Ulidhani napamba nyumba? Kwa jicho hili bovu, nayaona hata hayo maua? Nakata kwa kupapasa. Nilikwambia usichimbe. Mara ngapi nilikwambia?"

"Ulisema mgongo utaniuma!"

"Ningesema nini? Nikuambie nenda, useme nakufukuza kwa kuwa mwanangu hayupo?"

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo. Naye akajishusha taratibu, magoti yakilia, akakaa karibu yangu.

"Na wewe," akasema kwa upole, "mbona hukuniambia unataka kwenda?"

"Ungesema nimekuchoka."

"Ulikuwa hujanichoka?"

Nikamwangalia. "Nilikuwa nimekuchoka, mama."

"Na mimi nilikuwa nimekuchoka. Unakanda magoti kama unakanda unga."

Tukacheka. Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia tu.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wanawe waniache niende. Akatikisa kichwa. "Neno la marehemu. Sikutaka mtu aseme nililivunja. Nilitaka liishe lenyewe." Akapangusa udongo kwenye kanga yake. "Na nikwambie ukweli mwingine. Ule mwaka wa kwanza niliacha maua mawili pale kwenye ukuta. Niliyaacha kwa makusudi, yakamwaga. Niliogopa utaondoka. Unisamehe."

Nikamshika mkono. Sikuwa na cha kusamehe, mimi niliyemkandia magoti kwa kinyongo miaka mitatu.

Tangu siku ile hakuna aliyegusa udongo. Nilipitia pembeni kwa pembeni kama mwizi. Hata kufagia tuliacha.

Mvua zikaja. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kila asubuhi natoka na moyo mdomoni, narudi na pumzi. Mwenyekiti akatangaza ukaguzi Jumamosi, atakuja na wenzake wote.

Jumamosi hiyo asubuhi, kuku wa jirani akapenya uzio wa mabati. Nilipomfukuza alikuwa ameshaparura katikati ya uwanja. Na kando yake, mahali ambapo lazima aliparura mvua zilipoanza bila sisi kujua, kulikuwa na mche mmoja uliojificha kwenye majani makavu. Umeshafika urefu wa kidole.

Nikainama niung'oe. Geti likalia.

"Hodi wenyewe!" Mwenyekiti, Naunga Mkono nyuma yake, na wifi na kikapu chake kitupu.

Nikaganda. Nikisogea wananiona. Nikikaa, wanauona.

Mama mkwe akatoka jikoni anaburuta kigoda. Alikuja moja kwa moja, akiguswa na nini sijui, akakiweka kigoda juu ya ule mche, akakaa, akatandaza kanga yake mpaka chini.

"Karibuni, wanangu. Kikao tukifanyie hapa hapa."

"Mama, jua! Njoo barazani," wifi akasema.

"Jua linanifaa magoti."

Mwenyekiti akazunguka uwanja. Akainama, akavaa miwani, akavua. Akachungulia hata nyufa za saruji. Akamzunguka mama mara mbili.

"Hakuna," akasema hatimaye, uso umemshuka. "Lakini... kwa kuheshimu kumbukumbu ya baba, napendekeza tutafute mbegu tupande upya."

"Baba yenu alisema yakikoma," mama akasema. Hakuinua sauti. "Hakusema mkapande. Yamekoma. Huyu binti ametimiza alichoahidi. Mimi nimezaa watoto watatu walio hai, na wote nawaona hapa wamenenepa. Mtapokezana zamu, wiki kwa wiki. Ya kwanza ni yako, Mwenyekiti."

"Naunga mkono," akasema Naunga Mkono, kwa mazoea tu.

Kaka yake alimgeukia kama anataka kummeza. Lakini ilikuwa imeshapita.

Jumatatu niliondoka. Mama alinisindikiza mpaka getini, akaniambia nisigeuke, nikageuka. Kidoti alinipokea na aproni mkononi, hata hakunisalimia vizuri, "Nawa mikono, unga unakungoja."

Miezi mitano baadaye nikapata siku mbili za mapumziko, nikaenda kumwona mama na mikate mitatu kwapani. Nilimkuta Mwenyekiti jikoni amefunga kanga kiunoni anachemsha maji ya kukandia magoti. Sikumcheka. Haya, nilimcheka.

Mama alikuwa barazani. Na dirishani, kwenye makopo sita yaliyopangwa mstari, yalikuwa yamechanua maua mekundu.

Nikasimama.

"Mama, haya yametoka wapi? Si tuliacha kuchimba?"

Akaingiza mkono chini ya mto wake, akatoa kopo la majani ya chai, zito kiasi. Akafungua. Lilikuwa na mbegu, laini kama vumbi, na kijikaratasi chenye mwandiko wa mzee, "za mama yao".

"Alinijazia mwenyewe kabla hajaanguka kitandani," akasema. "Nilikuwa nalo tangu siku ile."

Tangu siku ile. Miaka mitatu yote. Konzi moja tu kila mvua, na nisingetoka mle ndani maisha.

"Na hukuwahi kulifungua?"

"Kulifungua nililifungua. Usiku wa kwanza ulipofunga lile begi, nililishika mpaka kukapambazuka." Akalifunga kopo, akalirudisha chini ya mto. "Sasa nimeyapanda kwa kuwa nayapenda. Hayamshiki mtu."

Nikamkatia mkate. Akanusa, akauma, akasema umezidi chumvi.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kutoa mawaidha, ila hili nawaachia. Kama unaishi na mtu na wote mmenyamaza kwa kuoneana huruma, mmoja wenu akate huo ukimya leo, hata kwa ugomvi. Mimi na mama yangu mkwe tulikuwa tunausukuma mlango mmoja miaka mitatu, yeye upande wa ndani na mimi upande wa nje, na hakuna aliyewahi kuuliza mwenzake, "Unasukumia wapi?"

Na ukiona nyuma ya nyumba yako maua mekundu usiyoyataka, tafadhali, liweke jembe chini.